Mezani Kuna Sheria: Majibu kwa Madai Matano Kuhusu Puli

Mpira mweusi wenye namba nane umezama shimoni kwa pigo la kwanza kabisa. Mmoja anainua fimbo juu na kudai pesa yake. Mwenzake anaapa kwamba huko ndiko kushindwa. Watazamaji wanagawanyika pande mbili, sauti zinapanda, na mchezo unafia hapo. Nimeyashuhudia haya mara nyingi, na karibu kila mara wote wawili huwa wamekosea.

Ubishi huo ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Puli imezungukwa na maneno yaliyorudiwa mpaka yakaaminika, na mengine yanaudhulumu mchezo wenyewe pamoja na wanaoupenda. Nayajibu matano.

Dai la kwanza: "Ni mchezo wa wahuni tangu asili."

Si kweli. Biliadi, mama wa puli na snuka, ililelewa katika majumba ya wafalme. Ilianzia nje, kwa kusukuma mipira juu ya nyasi. Ilipoingizwa ndani, meza ikavikwa kitambaa cha kijani, rangi ya nyasi zilizoachwa uani. Mfalme Louis XI wa Ufaransa alikuwa na meza yake katika karne ya 15. Mtunzi wa muziki Mozart naye alikuwa na meza ya biliadi nyumbani kwake.

Sifa mbaya ilikuja baadaye, na chanzo chake kinajulikana. Huko Marekani katika karne ya 19, "pool" lilikuwa neno la dau la pamoja, na kumbi za kuchezea kamari ya mbio za farasi ziliitwa kwa jina hilo. Wenye kumbi waliweka meza za biliadi ili wateja wapitishe muda kati ya mbio moja na nyingine. Meza ikarithi jina la kamari, na pamoja na jina ikarithi lawama.

Kwetu, viongozi wa wilaya wamewahi kupiga marufuku puli wakati wa saa za kazi. Anayeshinda mezani tangu asubuhi huku shamba lake likiota magugu anastahili kuonywa. Lakini kosa lake ni la muda alioupoteza. Angeupoteza kwenye bao au karata, tusingesema bao ni uhuni.

Dai la pili: "Snuka ilibuniwa na Waziri Mkuu wa Uingereza."

Hapa majina yamechanganywa. Neville Chamberlain anayehusishwa na kuzaliwa kwa snuka alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza nchini India, na inaelezwa kwamba aliubuni mchezo huo Jubbulpore mwaka 1875. Neville Chamberlain aliyekuja kuwa Waziri Mkuu alizaliwa mwaka 1869. Snuka ilipoanza, alikuwa mtoto wa miaka sita.

Dai la tatu: "Ni mambo ya Wazungu, sisi hayatuhusu."

Dai hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linafuta jasho la watu wetu.

Kabla ya plastiki, mipira mizuri ya biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu, na katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa bandari kuu ya pembe katika Afrika Mashariki. Pembe zilitoka bara, zikapita Ujiji na Tabora, zikashuka hadi Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kwa safari za miezi. Zikavushwa hadi Unguja, na huko zilipakiwa melini kwenda India, Ulaya na Marekani. Kule zikawa vitana, vibao vya piano na mipira ya biliadi.

Pembe za nchi hizi zilipendwa kwa ulaini wake, maana hazikupasuka ovyo. Wachongaji wa mipira hawakutafuta pembe nene. Walitaka ndogo zilizonyooka, zenye unene uliozidi kidogo tu ule wa mpira, ili kitundu cha mshipa kipite katikati kabisa ya kila mpira. Kikienda upande, mpira unalemea upande mmoja na njia yake inapinda. Kiswahili chenyewe kimeihifadhi biashara hiyo: pembe ndogo iliitwa kalasha.

Pembe moja ilitoa kama mipira mitatu hadi mitano tu. Piga hesabu: seti ya mipira 16 ingekula pembe nne kwa uchache, yaani ndovu wawili.

Wapo wanaosema plastiki iliwaokoa ndovu mara moja. Katika miaka ya 1860 kampuni moja ya biliadi nchini Marekani ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe, na John Wesley Hyatt akaja na seluloidi, moja ya plastiki za mwanzo kabisa. Hata hivyo wachezaji mabingwa waliendelea kupenda pembe hadi karne ya 20. Mipira ya leo ni ya plastiki ngumu, lakini historia yake imepita katika njia za misafara yetu. Asiseme mtu kwamba hatuna sehemu ndani yake.

Dai la nne: "Ni bahati tu."

Mwaka 1954, mjini Springfield katika jimbo la Ohio, mchezaji Willie Mosconi aliingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa hata mmoja. Bahati haidumu kiasi hicho.

Ufundi wa puli una sababu zake. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa François Mingaud alieneza matumizi ya ngozi kwenye ncha ya fimbo. Ngozi, na baadaye chaki, ziliifanya ncha ishike mpira badala ya kuteleza, na mchezaji akaweza kuuzungusha mpira mweupe: urudi nyuma, ufuate mbele au ukate pembeni. Kwa sheria za kimataifa za mipira 15 na mweupe, mchezaji anatakiwa kutaja mpira na shimo analolenga. Ukitumbukia mwingine badala yake kwa bahati, anapoteza zamu.

Dai la tano: "Nane ikiingia kwa kuvunja, mchezo umekwisha."

Turudi kwa wale wawili tuliowaacha wakigombana. Kwa sheria za Shirikisho la Dunia la Puli na Biliadi, WPA, nane ikiingia wakati wa kuvunja, yaani kwa pigo la kwanza, hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Aliyevunja anachagua: nane irudishwe mezani aendelee, au mipira ipangwe avunje upya. Mweupe ukizama pamoja nayo, uchaguzi ni wa mpinzani. Zipo ligi zinazompa ushindi aliyevunja, lakini hiyo ni kanuni ya ligi hizo.

Yapo na makosa mengine mawili yaliyozoeleka. Mpira ulioingia wakati wa kuvunja haukupi kundi la mipira utakayolenga. Meza inabaki wazi mpaka mmoja aingize kihalali mpira alioutaja. Na mweupe ukizama baada ya kuvunja, adhabu ya WPA si shoti mbili. Mpinzani anauchukua mkononi na kuuweka popote mezani. Shoti mbili zimetoka katika kanuni za vilabu vya Uingereza.

Mnaweza kucheza kwa kanuni za WPA au kwa za mtaa wenu, mradi zijulikane kabla ya pigo la kwanza. Mwenye meza, ziandike kwa Kiswahili na uzibandike ukutani. Nawe mchezaji, kabla ya kutumbukiza sarafu, muulize mwenzako: tunacheza kwa sheria ipi?