SHAMBA LA NABOTHI HALIUZWI

Ndugu wananchi, nanyi waumini mkutanikao kila Jumapili hapa Matisi, mjini Kitale, na kote uteremkako mto Nzoia mpaka Webuye, hata na Bungoma: twawaelekezea swali moja. Siku tutakapolazwa kaburini, wajukuu wetu watarithi nini kwetu? Hatuulizi habari za mabati wala ng'ombe. Twauliza habari za nchi.

Maandiko yatusimulia juu ya Nabothi wa Yezreeli. Mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu kwa kuwa lilikuwa karibu na ikulu. Akamwahidi shamba bora zaidi, au fedha. Nabothi alikataa, si kwa udogo wa bei, bali kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake, wala hakujiona na haki ya kuuza alichopewa akitunze. Ndipo zikaandikwa barua zenye muhuri wa mfalme, wakatafutwa mashahidi wa uongo, na Nabothi akapigwa mawe. Wazee wa mji walizipokea barua hizo, wakatii. Dhambi haikuwa ya ikulu peke yake.

Trans Nzoia yawajua akina Ahabu. Mashamba ya shirika la ADC yaliwekwa yawe mali ya umma, yatoe mbegu na mifugo bora. Tume ya Paul Ndung'u, iliyoundwa 2003 na kukabidhi ripoti yake 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma, yakiwamo mashamba ya shirika hilo, ilivyomegwa na kupewa wenye vyeo na jamaa zao. Maskwota walibaki nje ya ua. Na katika mapigano ya kikabila ya 1991 hadi 1993, moto ulipofika Endebess, Saboti na Mlima Elgon, familia ziliacha mahindi shambani zikakimbilia makanisani. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilisema mwaka 1992 kwamba wanasiasa walikuwa na mkono katika uovu huo.

Hata hivyo hatukuachwa bila mashahidi wa kweli. Mwaka 1975, baada ya J. M. Kariuki kuuawa, ripoti ya uchunguzi ililetwa Bungeni. Masinde Muliro alikuwa waziri. Alijua serikali inataka nini, naye akapiga kura pamoja na waliotaka ripoti ikubaliwe. Alifukuzwa kazi. Miaka 16 baadaye alisimama pamoja na Jaramogi Oginga Odinga na wenzao kuanzisha FORD, wakati ambapo neno "vyama vingi" lilitosha kumtia mtu korokoroni. Alifariki tarehe 14 Agosti 1992, akirejea kutoka London. Tarehe iyo hiyo, miaka miwili kabla, Askofu Alexander Muge wa Eldoret alifia barabarani akitoka Busia, alikoonywa na waziri asikanyage. Hao hawakutuachia utajiri. Walituachia mfano, na mfano haunyakuliwi kwa hatimiliki bandia.

Lakini tusijifiche nyuma ya makaburi ya mashujaa. Kifungu cha 2A kilipoondolewa Desemba 1991 tulidhani safari imekwisha, kumbe lilikuwa lango tu. Ni nani aliyeiuza kura kwa pakiti ya unga na noti moja iliyokunjwa? Ni sisi. Ni nani aliyempisha mnyakuzi kiti cha mbele kanisani kwa sababu alileta mabati ya harambee? Ni sisi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi tumesifu mno. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa amelitolea Kanisa Katoliki la Soweto. Wako waliokasirika. Sisi twauliza: kama kanisa moja laweza kuishi bila fedha hizo, letu lashindwaje?

Deni la taifa lilikuwa limepita shilingi trilioni 10 ilipofika Juni 2024, mwezi ambao vijana walijaa barabarani na baadhi yao wakapigwa risasi. Deni hilo wataitwa kulilipa watoto ambao hawajazaliwa, ambao hawakuulizwa, wala hawakuonja hata chai ya mikutano lilikokopwa. Huo nao ni urithi. Mwenye kula mbegu humwachia mwanawe jembe na njaa.

Katiba ya 2010, katika Ibara ya 42, yataka mazingira yalindwe kwa faida ya vizazi vya sasa na vijavyo. Maneno ni mazuri, lakini karatasi haina miguu. Miguu ni yetu. Basi twawasihi: kila parokia na kila kanisa liandike orodha ya viwanja vya umma vilivyo jirani nalo, vya shule, zahanati, kingo za mto na msitu, liisome hadharani, na likiona uzio mpya liulize. Michango ya wanasiasa isipokewe madhabahuni. Na mzazi asimwambie mwanawe habari za uadilifu jioni ilhali asubuhi aliuza kura.

Wazee wa Yezreeli walipata barua wakatii. Sisi pia barua zitatufikia, zikiwa na muhuri na bahasha. Wajukuu wetu watasoma jibu letu.