JINA NI LA NYUMBA, SI LA LETA



Leo tunasema juu ya jambo ambalo wengi wanalihesabu kuwa dogo: jina. Kwenye mgodi mtu anaitwa kwa numero. Kwenye ofisi anaitwa namna karani alivyoweza kuandika. Kanisani anaitwa kwa jina la ubatizo. Lakini nyumbani wazazi wake wanamwitaje?

Kwetu jina halitolewi ovyo. Kwa Waluba wa Katanga mapasa ni Kyungu na Kabange; kwa Waluba wa Kasai ni Mbuyi na Kabanga; kwa Wakongo wa upande wa bahari ni Nsimba na Nzuzi. Ukisikia jina, umekwisha kujua mtu alizaliwa namna gani. Wanande wa Kivu wanahesabu watoto kwa majina: kijana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Tena mtoto akipewa jina la nkambo, hata mama yake anamwita «baba» kwa heshima.

Kitambo tulifundishwa kuona haya, ati majina hayo ni ya kishenzi. Basi tuangalie ya Wabeleji wenyewe. De Smet, kwa Kiflama, ni mfua chuma. De Backer ni mpika mikate. Peeters ni mwana wa Pieter. Dupont, kwa Kifaransa, ni mtu wa darajani. Philippe, jina la wafalme, kwa Kigiriki ni mpenda farasi. Nani atamcheka mwenziwe? Hata desturi ya kushika jina moja milele haikushuka mbinguni: sheria ya Ufaransa ya mwaka 1794 ilikataza raia kuchukua jina lingine kuliko lile la mkanda wa kuzaliwa. Ufaransa ulipoimeza inchi ya Wabeleji mwaka 1795, sheria hiyo ikawafuata.

Na sisi tulijua kuwapa wengine majina. Stanley aliitwa Bula Matari, mvunja mawe, na kisha Leta nzima ya wakoloni ikaitwa hivyo.

Mwaka 1972 Mobutu aligeuza mambo. Alikataza majina ya ubatizo, yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré. Wengi walifurahi kusikia jina la nkambo likiitwa ofisini bila haya. Lakini sisi tunasema: kosa lilikuwa lile lile. Jana mtu aliambiwa jina la nkambo halitoshi. Kisha akaambiwa jina la ubatizo ni mwiko. Mara zote mbili hakuna aliyewauliza baba na mama.

Jambo hili ni la chakula pia. Kwetu ndugu wa tumbo moja wana majina mbalimbali: baba Ilunga, watoto Kasongo na Ngoie. Hakuna ubaya. Ubaya ni karani kuandika Ilunga leo na Elunga kesho. Siku mfanyakazi anapokufa, mjane anakwenda kudai haki yake, anaambiwa: mtu huyu si yule. Watoto wanalala njaa sababu ya herufi moja!

Kwa hiyo, wazazi, andikisheni mtoto mbele ya siku 90 kupita, maana ndiyo sheria ya inchi. Msiondoke mbele ya karani bila kusoma alichoandika; asiyejua kusoma amchukue jirani anayejua. Wewe mfanyakazi, linganisha leo jina la karte yako na lile la mkanda wa kazi, ungali mzima.

Anayetaka Pierre, aite Pierre. Anayetaka Kyungu, aite Kyungu. Anayetaka yote mawili, ni haki yake. Lakini mwambieni mtoto jina lake maana yake nini, na nani alilibeba mbele yake. Numero ya kazi itarudi kwa kompanyi siku ya mwisho. Jina litabaki kwa wajukuu.