Usaili wa uhakimu: Kijana wa Dakawa anasoma sheria ya India au ya Tanzania?

Kwa mhitimu wa sheria aliyerudi nyumbani Dakawa, wilayani Mvomero, maisha ya kusubiri ajira yanafanana na ya wengine wengi. Asubuhi shambani kwenye mpunga, mchana kijiweni, usiku simu mkononi. Tofauti ni kwamba kwenye simu yake kuna mafaili ya sheria, na karibu nusu ya mafaili hayo ni ya India.

Si ajabu. Ukitafuta mtandaoni maandalizi ya mtihani wa kuingia kwenye utumishi wa mahakama, kinachokuja kwanza ni India. Kuna video za walimu, maswali ya miaka iliyopita, muhtasari wa kila kifungu, vyote bure. Na ukifungua, lugha unaifahamu. Maneno ni yaleyale uliyofundishwa chuoni.

Swali ni je, vitu hivyo vinamsaidia au vinamwangusha? Jibu ni vyote viwili. Na kosa linakuja pale ambapo mtu hajui lini viko upande gani.

Kwa nini sheria zetu zinafanana

Turudi nyuma kidogo. Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, hawakuandika sheria upya. Mwaka 1920 walileta sheria zilizokuwa zikitumika India na kuzipa nguvu hapa. Hata Kanuni ya Adhabu ya India ilitumika Tanganyika hadi mwaka 1930.

Baadaye tukatunga za kwetu, lakini fundi alitumia ramani ileile. Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, ambayo sasa ni Sura ya 345, imefuata ile ya India ya 1872. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya 1966, Sura ya 33, ina sura ya ile ya India ya 1908. Sheria ya Ushahidi ya 1967, Sura ya 6, ni mtoto wa Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, iliyoandikwa na Mwingereza James Fitzjames Stephen.

Ndiyo maana hadi leo ukisoma hukumu za Mahakama ya Rufani ya Tanzania utakutana na vitabu vya Mulla na Sarkar, waandishi wa India. Uamuzi wa mahakama za India haumfungi hakimu wa Tanzania, ila unaweza kumshawishi pale sheria zinapofanana.

Kwa hiyo kijana wa Dakawa hajapotea njia kwa kusoma video ya India kuhusu maana ya mkataba. Kifungu cha 10 cha sheria ya mikataba kinasema jambo lilelile huku na kule. Kifungu cha 73 kuhusu fidia ya kuvunja mkataba, vilevile.

Mtego uko hapa

Tatizo linaanza kwenye ushahidi na mwenendo wa kesi.

Chukua mfano wa mtuhumiwa aliyekiri kosa mbele ya polisi. Chini ya sheria ya India ya 1872, kifungu cha 25, kukiri huko hakuwezi kutumika dhidi yake. Mwalimu wa India atakwambia hivyo kwa kujiamini, na kwa nchi yake yuko sahihi.

Tanzania ni kinyume. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ushahidi, kwa namba tulizozoea, kinaruhusu maelezo ya kukiri kosa yaliyotolewa kwa polisi kutumika, mradi yametolewa kwa hiari. Mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo uko kwa upande wa mashtaka. Mshtakiwa akipinga, mahakama inasimamisha kesi kuu kwanza na kufanya uchunguzi wa jambo hilo peke yake.

Angalia hatari yake. Kifungu cha 27 kipo pia kwenye sheria ya zamani ya India, lakini kule kinahusu kitu kingine: kielelezo kilichopatikana kutokana na maelezo ya mtuhumiwa. Namba ni moja, maudhui mawili. Msailiwa aliyekariri ya India akiulizwa hapa atajibu kwa ufasaha na atakosa.

Mifano mingine, kwa namba tulizozoea, ni hii:

• Kesi iliyokwisha kuamuliwa isirudiwe tena: India kifungu cha 11, kwetu kifungu cha 9.
• Kesi mbili za jambo moja zinazoendelea kwa pamoja: India kifungu cha 10, kwetu cha 8.
• Mamlaka ya asili ya mahakama kutenda haki: India kifungu cha 151, kwetu cha 95.
• Zuio la muda: India Amri ya 39, kwetu Amri ya 37.
• Nani anabeba mzigo wa kuthibitisha: India kifungu cha 101, kwetu cha 110.

Kanuni ni zilezile, ila anwani zimehama. Na kuna jingine: Tanzania imetoa Toleo la Urekebu la Sheria la mwaka 2023, lililoanza kutumika Julai 2025. Kila toleo jipya linaweza kuhamisha namba. Kwa hiyo hata daftari lako la chuo, usiliamini kabla hujalilinganisha na toleo hilo.

India yenyewe imeshahama

Hili wengi wanaotumia mafaili ya zamani hawalijui. Tarehe 1 Julai 2024 India ilifuta sheria zake tatu kubwa za jinai na ushahidi na kuweka mpya. Ile ya 1872 iliyozaa ya kwetu sasa haipo kwao. Nafasi yake imechukuliwa na Bharatiya Sakshya Adhiniyam.

Maana yake ni kwamba mtoto bado anaishi kwenye nyumba ambayo mzazi ameibomoa. Tanzania inaendelea na sheria iliyotokana na ile ya Stephen wakati India imeifuta ya kwake. Video mpya za India zitakuwa na namba ambazo hazifanani kabisa na za kwetu. Na hukumu mpya za India, mwaka hadi mwaka, zitatafsiri sheria ambayo sisi hatuna. Kwa mwanafunzi wa Tanzania, hazina ya India inaanza kuwa ya kihistoria zaidi.

Kuna habari nyingine kutoka kule. Tarehe 20 Mei 2025 Mahakama ya Juu ya India ilirudisha sharti kwamba anayetaka kufanya mtihani wa kuingia ngazi ya chini ya uhakimu awe amefanya kazi ya uwakili kwa miaka mitatu. Sharti hilo lilikuwa limeondolewa mwaka 2002. Hoja yao: kitabu peke yake hakimtengenezi hakimu.

Njia ya Tanzania ikoje?

Hapa kwetu mwajiri ni Tume ya Utumishi wa Mahakama, chombo cha Katiba, ibara ya 112. Tangazo la nafasi za Hakimu Mkazi Daraja la II linataka shahada ya sheria pamoja na kuhitimu Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo wote tunaiita Law School. Baada ya maombi kuna mchujo, halafu usaili. Anayeteuliwa hupelekwa kwenye mafunzo elekezi, na Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto ndicho kilichoanzishwa kwa kazi ya kunoa watumishi wa mahakama.

Kwa hiyo kabla ya kufika kwenye usaili, kijana ameshapita kwenye tundu la sindano. Tunakumbuka Oktoba 2022. Matokeo ya Law School yalionyesha kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja ni 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 walifeli. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni.

Mjadala wa wakati ule ulikuwa nani alaumiwe: vyuo, wanafunzi au taasisi. Lakini kwa familia ya mkulima ambayo imeuza magunia ya mpunga kumsomesha mtoto, swali lilikuwa jepesi na zito zaidi: mwaka wa kukaa Dar es Salaam umelipwa, sasa nini?

Huo ndio uzito wa jambo hili. Kwa mtoto wa mjini ambaye baba ni wakili, kufeli ni kuchelewa. Kwa wa Dakawa inaweza kuwa mwisho wa safari.

Atakachokutana nacho kazini

Na hapa ndipo penye kinaya. Hakimu mpya anaweza kabisa kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Sasa, Sheria ya Ushahidi aliyoikesha usiku kucha yenyewe inasema haitumiki Mahakama ya Mwanzo! Kule kuna kanuni zake fupi za ushahidi, zilizotokana na matangazo ya Serikali ya mwaka 1964 na 1972. Lugha ni Kiswahili, na imekuwa hivyo hata kabla ya mabadiliko ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote.

Fikiria shauri la kawaida kwa eneo kama Dakawa. Ng'ombe wameingia kwenye mpunga usiku. Mkulima anadai fidia, mfugaji anasema ng'ombe si wake. Msailiwa aliyekariri India ataruka moja kwa moja kwenye kanuni za uzembe. Msailiwa mzuri ataanza na maswali matatu.

Kwanza, mahakama hii ina mamlaka? Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, imeiwekea Mahakama ya Mwanzo mipaka, kwa hiyo lazima aonyeshe dai linasimama kwenye sheria ya mila au msingi mwingine unaokubalika. Pili, je, ugomvi wa kweli ni mazao au ni mpaka wa ardhi? Kama ni umiliki wa ardhi, njia yake ni ya mabaraza, si Mahakama ya Mwanzo. Tatu, ushahidi wa nani ni mzito zaidi? Hapo ndipo ile kesi ya Hemedi Saidi dhidi ya Mohamedi Mbilu ya 1984 inapoingia: mwenye ushahidi mzito zaidi ndiye anayeshinda.

Au chukua talaka. Mke hana risiti hata moja ya nyumba, ila amepika, amelea na amelima miaka 20. Jibu halipo India. Lipo kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Hakimu asiyeijua kesi hiyo atamtoa mama mikono mitupu.

Kwa hiyo ajiandaeje?

Kwanza, ageuze mpangilio. Maandishi ya sheria ya Tanzania yatangulie, video ya India ifuate pale tu anapokwama kuelewa kanuni. Akishaelewa, arudi kwenye namba za kwetu.

Pili, tovuti ya TanzLII ina hukumu za mahakama zetu bure. Hukumu moja kwa siku haimalizi bando. Asome hoja za majaji, siyo matokeo tu.

Tatu, aende akakae mahakamani. Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki Morogoro kipo mjini, safari ya basi moja kwenye barabara ya Dodoma. Kesi husikilizwa hadharani, kuingia ni bure. Saa mbili za kusikiliza shahidi akihojiwa zinafundisha kuliko kurasa nyingi.

Nne, wasome kwa kikundi. Mkoa wa Morogoro una bahati: Mzumbe ipo ndani ya Mvomero hiyohiyo, na Chuo Kikuu cha Waislamu kipo Morogoro mjini. Vyote vinafundisha sheria, na wahitimu wake wapo mitaani. Wanne wakiulizana maswali kwa Kiswahili, yule anayetetemeka mbele ya jopo atazoea.

Na Tume nayo?

Mzigo usiwe wa kijana peke yake. Miaka mitatu ya uwakili kama ya India kwetu ingewaumiza walewale wasio na ndugu mwenye ofisi. Hilo tusiliige. Linalofaa kuigwa ni uwazi wa maandalizi: mwombaji wa India anajua mapema mtihani utagusa sheria zipi na anaweza kuona maswali ya miaka iliyopita.

Tume ikichapisha orodha ya mada na mifano ya maswali ya usaili, kwa Kiswahili, gharama yake ni faili moja la kwenye mtandao. Faida yake ni kwamba aliyeko Dakawa na aliyeko Masaki wataingia chumba cha usaili wakiwa wamesoma kitu kimoja.

Mpaka hapo, mafaili ya India yataendelea kujaza simu za vijana. Yasifutwe, maana yana shule ndani yake. Ila anayeyasoma akumbuke kwamba siku atakapokaa kwenye kiti kile, mbele yake atasimama mkulima na mfugaji wa Mvomero, na kila mmoja atataka kusikia sheria ya hapa inasemaje.