Mimba na kipigo cha nyumbani: bwana aje kwenye CPN, lakini bibi aulizwe peke yake

Katika vituo vingi vya afya vya Kivu, mama mwenye mimba anayefika CPN pamoja na bwana yake anahudumiwa mbele ya wengine. Nia ni njema: bwana apimwe virusi vya UKIMWI, asikie hatari za mimba, atayarishe feza za maternite. Lakini kwa mama aliyepigwa jana usiku, yule anayeketi kandokando yake kwenye benchi ndiye aliyempiga. Munganga akimuuliza kama nyumbani mambo ni sawa, atajibu nini?

Si mama mmoja ao wawili. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 juu ya afya na idadi ya watu ulikuta kwamba asilimia 57 ya wanawake Wakongomani waliowahi kuolewa walitendewa jeuri na mume, iwe ya mwili, ya ngono ao ya kuumiza moyo. Mimba haiwakingi. Shirika la Afya Duniani (OMS) lilipochunguza inchi 10, Tanzania ikiwemo, lilionyesha mwaka 2005 kwamba kati ya robo na nusu ya waliopigwa wakiwa na mimba walipigwa ngumi ao mateke kwenye tumbo lenyewe. Hapo kondo linaweza kubanduka na mama akatokwa damu nyingi, mimba ikaharibika, ao mtoto akazaliwa kabla ya wakati.

Watu husema ni pombe, ni ukosefu wa kazi, ni vita. Vyote vina sehemu yao, lakini wako wanywaji wasiopiga, na wako wakimbizi waliopoteza kila kitu wasioinua mkono. Chini yake iko fikra kwamba mahari ilinunua haki ya kuamuru. Mimba inaichokoza fikra hiyo: bibi anachoka, anakataa kitanda, anaomba feza za chakula na nguo za mtoto, na mume anaona amri yake inapungua. Wengine wanaanza kuuliza mimba ni ya nani.

Sheria iko. Kifungu cha 46 cha kanuni ya azabu kinatoa kifungo cha siku 8 hadi miezi 6 kwa anayepiga mtu kwa kusudi, na hakisemi popote «isipokuwa bibi yake». Lakini kesi hizi kwa kawaida huishia mbele ya wazee wa familia, na mama anarudishwa nyumbani akiwa na tumbo lake. Na huko Goma na Bukavu, tangu miji hiyo iingie mikononi mwa AFC/M23 mwaka 2025, tribinali za serikali zilisimama. Kumwambia mama «nenda ushitaki» pasipo kumwonyesha wapi ni kumtupa.

Inabaki CPN. Uchunguzi ule wa 2013-2014 ulihesabu asilimia 88 ya wamama waliopimwa mimba angalau mara moja na mtu mwenye ujuzi. Waliofikisha mara 4 walikuwa 48 tu. Nafasi ya kuuliza ni fupi. OMS inashauri kuuliza, lakini mahali pa siri, na munganga aliyefundishwa, anayejua pa kumwelekeza mama. Kuuliza mbele ya bwana kunaweza kumletea kipigo kingine.

Je, wanaume wafungiwe mlango? Hapana. Ngambo ya mpaka, Rwanda, programu ya Bandebereho ilikusanya wanaume wenye mabibi wajawazito ao watoto wadogo kwa vikao 15, mabibi wakihuzuria baadhi yake: malezi, feza za nyumba, pombe, hasira. Wanandoa karibu 1 200 walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa 2018: wanawake wa kundi lililofundishwa walitaja kipigo cha mume mara chache sana kuliko wale wa kundi lisilofundishwa. Si dawa ya siku moja, na inaomba waongozaji wanaolipwa, jambo ambalo kwetu hukatika msaada wa wafazili unapoisha.

Lakini kuna jambo lisiloomba mfazili. Bwana anapopelekwa labo kutolewa damu, mama abaki na munganga, mlango umefungwa, kwa dakika 5. Kituo chenye chumba kimoja na pazia kinaweza kumpima uzito inje ya masikio ya watu, na swali likaulizwa hapo hapo kwenye mizani.