Barafu ya Kibo inaondoka na rekodi ya moshi wetu

Ukiwa Moshi mjini asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajafunga, bado unauona ule weupe pale Kibo. Mawenzi, kilele jirani, hakina barafu ya kudumu. Watalii wanaupiga picha, ila kwa wanasayansi ule ni kama faili la hewa. Theluji ikianguka inashuka na vumbi, masizi na chembe za madini zilizokuwa angani, kisha inafunikwa na nyingine, tabaka juu ya tabaka.

Mwaka 2000, timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, ilitoboa barafu ya Kibo na kutoa nguzo sita, ndefu kuliko zote ikiwa na takriban mita 50. Matokeo ya 2002 yalionyesha barafu ya chini kabisa ina miaka kama 11,700. Kuna hata tabaka la vumbi la ukame mkali wa miaka 4,000 iliyopita.

Kwingine, nguzo za aina hii zimeumbua uchafuzi wa binadamu. Barafu ya Quelccaya, Peru, imehifadhi madini ya risasi yaliyopeperushwa kutoka migodi ya fedha ya Potosí enzi za Wahispania.

Kwa nini Kibo isitusimulie hivyo kuhusu magari, viwanda na mkaa? Kwa sababu mambo hayo ni ya juzi tu, kwa hiyo yako tabaka za juu, na barafu inaliwa kuanzia huko huko juu. Kati ya 2000 na 2007, barafu ya kaskazini ilipungua unene kwa mita 1.9, ya kusini kwa zaidi ya mita 5. Mwaka 2000 Thompson alikuta karibu na uso alama ya majaribio ya nyuklia ya miaka ya 1950. Kwa upungufu huo, tabaka hilo limeshakwenda.

Utabiri wake kwamba barafu ingeisha kati ya 2015 na 2020 haukutimia, na wapo wanaofurahia. Lakini kilichobaki ni habari za mababu, siyo zetu.

Nguzo za mwaka 2000 zilipelekwa kwenye majokofu ya Columbus, Ohio. Kwa karne iliyopita, pa kutafuta sasa ni tope la Ziwa Chala, Rombo, mpakani na Kenya. Nalo hutuama tabaka kwa tabaka, na mwaka 2016 watafiti walilichimba zaidi ya mita 200.