Kaseti za Mathe Zinakufa Pole Pole, na Sisi Tunazikimbiza TikTok

Cheki ile kabati ya vyombo vya wageni kwa mathe. Chini kabisa, nyuma ya albamu za picha, kuna kaseti nyeusi kama tatu hivi. Mgongoni mtu ameandika na biro: "Ruracio, usifute."

Kama wewe ni wa TikTok, umeona venye wasee wanapost harusi za wazazi wao za miaka ya tisini. Suti zenye mabega mapana, maharusi wamenuna kama wameshikwa na karao, na yule jamaa wa kamera anazuum sufuria ya pilau hadi unaisikia harufu. Mimi hucheka sana. Lakini nyuma ya hiyo kicheko kuna haraka ambayo wengi hatuioni.

VHS ilianza Japani 1976, chini ya JVC. Kampuni ya mwisho kubwa iliyokuwa bado inatengeneza deki zake, Funai, pia ya Japani, ilifunga hiyo laini Julai 2016. Kwa hivyo deki unayopata Luthuli leo ni ya zamani, pengine imefufuliwa na spea za deki ingine iliyokufa. Kila mwaka zinapungua. Kaseti nayo ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku, na huo unga huchoka, haswa ikikaa mahali pa joto na unyevu. Wataalamu wa kuhifadhi kumbukumbu kule Australia walionya kitambo kwamba 2025 ndiyo ingekuwa kama mwisho wa kuokoa hizi tepu bila stress. Huo mwaka ushafika, buda.

Sasa, kuokoa zenyewe. Kozi yangu ya IT niliiacha mwaka wa pili, kwa hivyo usinichukulie profesa, lakini hii nimeifanya na mikono yangu. Kwanza angalia utepe kwa lile dirisha la kaseti. Ukiona ukungu mweupe, usiiweke kwa deki hata kidogo, itachafua vichwa vya deki na kaseti zingine zote zitaumia. Kama ni safi, vunja kale kajino ka plastiki mgongoni ndio mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ipeleke mbele hadi mwisho, irudishe, ndio uanze. Waya ya njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti, zote zinaingia kwa kile kidude cha USB hadi laptopu. Programu kama OBS ni ya bure na inarekodi vizuri.

Halafu unangoja. Hakuna njia ya mkato hapa: kaseti ya masaa matatu itachukua masaa matatu. Ndio maana fundi akikuitisha ganji ya maana usimtukane. Mtukane akikupea faili yenye mistari kama meno ya kichana kila mtu akisonga. Hiyo inamaanisha hakusafisha picha. Mwambie arudie, na akupe MP4, si DVD, maana laptopu mpya hazina hata mahali pa kuiweka. Na usitume kwa WhatsApp kama video, itafinywa hadi sura ziwe ugali. Tuma kama dokumenti, inabeba hadi GB 2.

Kitu ingine: picha ya VHS ni ya karibu mraba, na simu inataka picha ndefu. Ukikata ndio itoshe, watu wa pembeni wanatoka. Kwa ruracio zetu, pembeni ndiko wazee walikuwa wamekaa.

Hapo ndio nilichoma. Nilitoa sekunde 20 za ruracio ya anti yangu, 1997, akidensi na leso kichwani. Nikakata, nikaweka sauti ya kuchekesha inayotrendi, nikapost. Ilidunda kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Maoni yalikuwa ya kicheko tu. Anti aliaga kitambo, na binti yake hakuwa amewahi kuona video ya mamake akisonga. Ya kwanza kuona ikawa hiyo, imetumwa kwake na mtu wa kazini.

Utaniambia ni ya familia, nina haki. Kiasi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haigusi mambo ya nyumbani tu, kwa hivyo grupu ya familia ni sawa. Akaunti ya umma unayotafutia doo ni kesi ingine. Septemba 2023, Kamishna wa Data alipiga klabu ya Casa Vera faini ya Sh1,850,000 kwa kupost picha ya mteja bila ruhusa, na shule moja Sh4,550,000 kwa picha za watoto. Hao ni biashara, najua, lakini kwa hizo kaseti pia kuna watoto wa jirani waliokuwa wanaoga kwa karai, na saa hii ni watu wazima wenye maboss. Mimi naona post, lakini uliza kwanza. Simu moja tu.

Mimi nilifuta ile post na nikampigia kasini. Hakunifokea, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. Aliomba kitu kimoja, ile yote, na sauti yake ya ukweli. Nikamtumia usiku huo. Akanyamaza siku mbili. Ya tatu akaniuliza kama naweza kufungua kaseti ingine, ya ubatizo wake, yenye mamake anaongea.

Ninayo hapa mezani. Iko na ukungu. Bado natafuta fundi anayejua kuiosha.