GARI NA NJIA: Breki za Kushukia Mlima



Mwaka huu swali lililonifikia mara nyingi kuliko mengine ni la breki. Vijana wetu wanataka kubadilisha diski na pedi za gari zao za fo-wili, na kila mmoja amesikia lake. Mmoja kaambiwa anunue diski zenye matundu, wa pili kaambiwa pedi za keramiki ndizo mwisho wa maneno, wa tatu kaambiwa chochote kitafaa maadamu kinaingia. Nimeona bora niwajibu wote pamoja hapa, kwa kuwa gari hizi si za kijana peke yake. Ndizo zinazowachukua mama zetu na wajukuu zetu siku ya pili ya Idi kwenda Jabal Akhdar, watu saba ndani, masufuria na mikeka nyuma.

Jawabu langu kwa ufupi ni hili: breki ya gari ya mlima huchaguliwa kwa kuangalia joto. Uzuri wa sura, ukubwa wa jina na maneno ya muuzaji huja baadaye.

Breki haiumezi mwendo wa gari ukapotea. Inaugeuza mwendo kuwa moto. Pedi mbili zinaibana diski, zinasuguana, na diski inapata joto; kisha joto hilo lazima lichukuliwe na upepo. Upepo ukishindwa kulichukua kwa haraka inayotosha, joto hubaki na kupanda: kutoka diski kwenda pedi, kutoka pedi kwenda mafuta ya breki.

Tuchukue njia tunayoijua sote. Kutoka Birkat al-Mawz, pale penye kituo cha polisi kisichopitisha ila gari ya fo-wili, hadi uwanda wa Sayq, mtu hupanda kiasi cha mita 1,400. Mpanda ngazi hushuka. Gari yenye watu na mizigo, uzito wake tani 3, ikiteremka mita 1,400 inalazimika kutupa nguvu inayozidi ile iliyomo katika lita moja nzima ya petroli. Kwa hesabu nyingine, ni sawa na kuisimamisha gari hiyo mara 35 kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo na injini, ikiwa dereva ametumia gia. Dereva asiyetumia gia huitupia breki karibu yote. Ndiyo maana gari inayosimama vizuri sana katika barabara za Maskati inaweza kumtia mtu katika mtihani mkubwa siku hiyo moja ya mwaka.

Breki zikizidiwa na moto hutoa dalili mbili, na kila mwenye kushika usukani azijue mbali mbali. Ya kwanza, pedali ni ngumu kama kawaida, unaikanyaga kwa nguvu zote, lakini gari haipungui mwendo inavyotakiwa. Hapo pedi zimepita joto lake na zinateleza juu ya diski. Ya pili, pedali inazama kama umekanyaga sifongo. Hapo mafuta ya breki yamechemka, yamefanya mvuke, na mvuke unabanwa kwa urahisi badala ya kusukuma pedi. Hii ya pili ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu huja kwa ghafla.

Sasa tuanze na diski.

Wazee wetu waliojifunzia gari katika Land Rover za zamani watakumbuka kuwa magurudumu yote manne yalikuwa na ngoma, na ndani ya ngoma brekishu. Ngoma hufungia joto ndani, na ukivuka maji hukaa muda mrefu haijakauka. Range Rover ilipotoka mwaka 1970 ilikuja na diski magurudumu yote manne, na tangu hapo gari za nyikani zimefuata njia hiyo. Diski iko wazi, inapigwa na upepo na kukauka upesi.

Diski zenyewe ni namna tatu. Kuna ile bapa tupu. Kuna ile ya sahani mbili zilizotenganishwa na njia za upepo katikati. Hii inapozunguka huvuta hewa kutoka ndani na kuitoa nje, na kwa magurudumu ya mbele ya gari nzito ndiyo ya lazima, kwa kuwa unaposhuka mzigo wote huegemea mbele. Kisha kuna zile za mapambo zaidi, zilizotobolewa matundu au zilizochongwa mistari usoni.

Kuhusu matundu nitasema wazi. Kwa gari ya mlima na matope, siyataki. Kila tundu linapunguza chuma, na chuma ndicho kinachobeba joto. Aidha nyufa hupenda kuanzia kwenye ukingo wa tundu diski inapopashwa na kupozwa mara kwa mara. Na ukipita katika tope la wadi baada ya mvua, matundu hujaa tope na changarawe. Mistari ina nafuu: huondoa maji na uchafu usoni mwa pedi, ila humaliza pedi mapema. Anayevuka maji na tope mara nyingi anaweza kuchagua yenye mistari. Aliyebaki, diski safi isiyo na pambo, ya chuma cha kusubu, yenye njia za upepo, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, inamtosha na kumzidi.

Kila diski ya kuaminika imepigwa chapa ya unene wa mwisho, kwa kawaida maneno MIN TH na namba ya milimita. Fundi akikwambia diski yako itakerezwa ili iwe laini, muulize itabaki unene gani baada ya kukerezwa. Ikikaribia namba ile, nunua mpya. Diski nyembamba hupata moto upesi, na kijana atakuwa amelipa kazi ya kuharibu breki yake.

Wapo wanaotaka diski kubwa zaidi na kalipa kubwa zaidi, yaani kile kibano kinachozisukuma pedi. Diski pana ina faida ya kweli: chuma ni kingi na nguvu ya kuzuia inaongezeka. Lakini pima rimu kwanza. Wengi wetu tunapenda rimu ndogo yenye tairi nene kwa ajili ya mchanga wa Sharqiya, na kalipa kubwa huenda isiingie ndani yake.

Kuhusu tairi lipo neno ambalo wauzaji wa tairi hawalisemi. Tairi ikiwa ndefu kwa sehemu moja ya kumi, breki inahitaji nguvu zaidi kwa sehemu ile ile ya kumi ili kusimamisha gari. Tairi kubwa pia ni nzito kuizungusha na nzito kuizuia. Kwa hiyo aliyebadilisha tairi asiseme breki zake ni zile zile. Chuma ni kile kile, lakini kazi imeongezeka.

Tuje kwenye pedi.

Pedi za asili ya nyuzi na gundi ni laini, hazipigi kelele na bei yake ni nafuu, lakini ndizo za kwanza kushindwa na moto. Pedi za keramiki hazichafui rimu na zimetulia. Nyingi zake zimetengenezwa kwa matumizi ya mjini, na huko zinafaa sana. Pedi zenye unga wa chuma ndani yake hustahimili joto zaidi, ingawa hutoa vumbi jeusi, hulialia asubuhi, na huila diski kidogo. Kwa gari inayobeba watu saba mlimani au kuvuta boti, mimi huchagua hizi za chuma, na kelele za asubuhi nazistahimili. Usichukue lakini pedi za mashindano. Hizo zinataka kupata moto kwanza ndipo zishike, na mtoto anayeruka mbele ya gari mtaani hatakusubiri zipate moto.

Geuza pedi utazame ubavuni. Pedi nyingi huchapwa herufi mbili, kama FF au FE. Herufi ya kwanza inaonyesha ushikaji katika joto la kawaida, ya pili katika joto kali. E ni kiwango cha 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi yenye FF inashika mamoja ikiwa baridi au moto. Yenye FE inapungua inapopata moto, na huko ndiko tunakoihitaji. Herufi hizi hazielezi kila kitu, hazisemi pedi itadumu muda gani wala kama itapiga kelele, lakini kwa njia ya Sayq zinasema neno la maana. Pedi zilizopimwa kwa sheria ya Ulaya huwa na alama ya E ndani ya duara, na namba inayoanza na 90R.

Na sasa uwongo wa sokoni. Niliwahi kuletewa pedi kutoka duka ambalo sitalitaja, sanduku lake lina jina kubwa linaloheshimika. Maandishi ya sanduku yalikuwa na herufi zilizokosewa, pedi zenyewe hazina namba yoyote ubavuni, na ukucha wa kidole ulitosha kuinua ukingo wa kile kitambaa cha kusugulia kutoka kwenye bati lake. Hii haikuwa pedi, ilikuwa sura ya pedi. Tusione haya kurudisha kitu kama hicho. Rahisi ghali, na hapa ughali wake hauhesabiwi kwa riali.

Pedi zisizojulikana asili yake huenda pia zikawa na asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani. Kwa hiyo mtu asipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lifutwe kwa kitambaa kilichorowa maji, na watoto wakae mbali.

Ukinunua, nunua kwa jozi: kushoto na kulia pamoja, usibadilishe gurudumu moja. Na pedi ikibaki milimita 3 za kusugulia, usingoje Idi ipite.

Pamoja na pedi na diski, bado mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa yetu ya pwani haina uchache wa unyevu. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya lazima yastahimili joto la nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji, kipimo chake kinachokubaliwa ni nyuzi 155 tu. Tazama tofauti hiyo. Mtu atanunua diski na pedi bora kabisa, kisha azitie juu ya mafuta ya miaka sita, na pedali itazama vile vile. Badilisha kila miaka miwili na utoe upepo wote. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni jamaa moja, lakini DOT 5 ni silikoni, usiichanganye nazo.

Pedi mpya zinataka kuzoeshwa na diski mpya. Tafuta barabara tupu, nenda kilomita 60 kwa saa, punguza kwa breki ya wastani hadi kama 15 bila kusimama kabisa, ongeza tena, mara nane hadi kumi. Kisha endesha taratibu bila kugusa breki mpaka zipoe. Hili lifanyike kabla ya siku ya safari, si njiani kwenda mlimani.

Mwisho ni mguu wa dereva. Anza mteremko kwa gia ndogo tangu juu, usingoje mwendo ukuzidi. Gari ya otomatiki nayo ina gia za kushikia mwenyewe, zitumie. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, punguza, achia, zipate kupumua. Usiuegemeze mguu pale juu kilomita nzima. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta pahala salama usimame, uweke jiwe chini ya gurudumu, na usimwage maji juu ya diski iliyo moto, itapasuka. Kaa nusu saa, kunywa chai. Pedali ikizama, ipige haraka haraka, shusha gia, vuta handibreki polepole, na uelekee kwenye ile njia ya dharura ya kokoto iliyojengwa kando ya barabara kwa ajili hiyo hasa.

Kwa mwenye fedha kidogo, utaratibu wangu ni huu: kwanza mafuta mapya, pili pedi halali zenye kustahimili moto, tatu diski safi zenye unene wake kamili. Mapambo yasubiri. Na kabla ya Idi, kila nyumba imteue mmoja avue magurudumu ya gari zinazopanda, atazame kwa macho yake, na awaambie wakubwa alichokiona, hata kama jawabu ni kwamba gari ile mwaka huu ibaki nyumbani na watu wajigawe katika gari nyingine.

Mwakani, tukijaaliwa uhai, tutazungumza juu ya tairi na mchanga. Mola awarudishe salama wote wanaopanda.

Wabillahi tawfiq.